“Upande wa mama yake hawana vichwa”

Baba mkubwa alivua kofia, akaiweka gotini, akatutazama mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi.

“Wewe mama, si ndiye unayeuza mbegu kule Uyole? Waambie wenzako. Mbegu mbovu hata ukiipeleka kwenye shamba zuri, utavuna nini?”

Kilikuwa kikao cha familia, kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka Makambako. Misindano aliyoipanda marehemu babu ilikuwa imeuzwa, na baada ya madeni kulipwa, fedha iliyobaki ilitosha kumpeleka mtoto mmoja shule ya bweni ya binafsi. Waliomaliza darasa la saba walikuwa wawili: kijana wa kaka yangu mkubwa na binti wa kaka yangu mdogo. Wote walifaulu, tena alama zao zilikaribiana. Baba mkubwa alishamchagua kijana. Mama wa kijana ametoka kwa walimu. Mama wa binti ametoka kwenye nyumba ambayo hakuna aliyevuka darasa la saba.

“Upande wa mama yake hawana vichwa,” alisema, wala hakupunguza sauti.

Wifi yangu, mama wa binti, alikuwa jikoni anasonga ugali. Kati ya jikoni na sebule kuna ukuta wa mbao tu. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Shangazi alikataa kusaini daftari la kikao, kwa hiyo siku ile hakuna kilichopitishwa. Nikarudi Mbeya. Maneno ya baba mkubwa nayo yakarudi na mimi, na kwa wiki kadhaa kila aliyeingia dukani kuulizia mbegu alinirudisha kwenye sebule ile. Ndipo nikaanza kusoma.

## Jibu nililolitamani

Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa wazi. Nilitaka kukuta wanasayansi wameandika kwamba vinasaba havihusiki kabisa na akili ya mtu. Kwamba ni malezi, shule na bidii, basi. Ningempelekea baba mkubwa, mambo yakaisha.

Sikukuta hivyo.

Walionizuia ni mapacha. Mapacha wa yai moja wana vinasaba vilevile, ilhali mapacha wa mayai mawili wanachangia karibu nusu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Wote wanakulia nyumba moja, wanakula chungu kimoja. Kama vinasaba havina mchango wowote, jozi za aina zote mbili zingefanana kwa kiwango kilekile kwenye vipimo vya akili. Hazifanani hivyo. Watafiti hupima ukaribu huo kwa namba inayoanzia 0, pasipo na uhusiano wowote, hadi 1, pale alama za mmoja zinapokwenda sambamba kabisa na za mwenzake. Mwaka 1981 Thomas Bouchard na Matt McGue walikusanya tafiti za miaka mingi pamoja. Mapacha wa yai moja waliokuzwa pamoja walifika 0.86. Wa mayai mawili walifika 0.60. Na wale wa yai moja waliotenganishwa na kulelewa nyumba tofauti walibaki kwenye 0.72.

Namba hiyo ya mwisho niliirudia mara kadhaa. Watoto waliokua mbalimbali, mikononi mwa watu tofauti, bado walikaribiana kuliko mapacha wa mayai mawili waliolala kitanda kimoja.

Kuna jingine lililonisumbua zaidi. Mwaka 2010 ilitoka kazi iliyounganisha jozi 11,000 za mapacha kutoka nchi nne. Walipopimwa wakiwa na miaka 9, tofauti zao za akili zilielezwa na vinasaba kwa asilimia 41. Wakiwa na miaka 12, asilimia 55. Wakiwa na 17, asilimia 66. Mimi ningetegemea kinyume chake: kadiri mtu anavyoishi duniani, ndivyo dunia inavyomfinyanga. Maelezo wanayoyatoa yana mantiki, hata hivyo. Mtoto mdogo anapelekwa anakopelekwa. Akikua anachagua mwenyewe marafiki, vitabu, mazungumzo ya kubaki kuyasikiliza na ya kuondoka, na kila chaguo linakuza kile alichoelekea tangu mwanzo.

Kwa hiyo, ndiyo. Watu wanatofautiana akili, na sehemu kubwa ya tofauti hizo, pale zilipopimwa, ina mizizi kwenye vinasaba. Sitaki kulizunguka hilo. Kuna wenzangu wenye nia njema wanaoona ni salama zaidi kukana, na nawaelewa, ila naona kukana kunamwachia baba mkubwa ushindi siku atakapopata mjukuu anayesoma kuliko sisi.

Swali lililonibakia lilikuwa hili: je, hilo ndilo alilolisema baba mkubwa?

## Maelfu ya vitu vidogo

Kwanza, hakuna jeni moja ya akili, yaani kinasaba kimoja kinachoibeba yote. Imetafutwa kwa nguvu na haipo. Mwaka 2018 watafiti walichunguza vinasaba vya watu milioni 1.1, wakitafuta sehemu zinazoendana na miaka ambayo mtu amekaa shuleni. Walipata sehemu 1,271. Mwaka 2022 wakafikia watu milioni 3 na sehemu 3,952. Kila moja mchango wake ni mdogo kiasi kwamba ukiitazama peke yake haikuambii chochote kuhusu mtu. Zikijumlishwa zote kuwa alama moja, inaeleza kati ya asilimia 12 na 16 ya tofauti za watu katika miaka ya kusoma. Kwa vipimo vya akili vyenyewe, alama ya mwaka 2018 ilieleza asilimia 7 hadi 10.

Si kidogo kwa sayansi. Ni kidogo mno kwa kumpangia mtoto maisha.

Halafu kuna jambo walilolionyesha watafiti wa Iceland mwaka huohuo wa 2018. Mzazi ana nakala mbili za kila jeni, na mtoto anapokea moja tu. Wao wakazifuatilia zile nakala ambazo mtoto *hakupokea*. Kwa mantiki ya kawaida hazina namna ya kumgusa, maana hazimo mwilini mwake. Walikuta zinahusiana na masomo yake hata hivyo, kwa karibu theluthi ya nguvu ya zile alizopokea. Zimepitia wapi? Zimepitia kwa mzazi mwenyewe: namna anavyoongea na mtoto, anavyoipanga nyumba, anavyokaa naye wakati wa kazi za shule. Vinasaba vya mama vinakuwa sehemu ya mazingira ya mtoto.

Hapo nilisimama siku nyingi. Tunaposema mtoto wa mwalimu “karithi”, tunajumlisha vitu viwili katika neno moja, na kimoja kati ya hivyo hata mtoto asiyezaliwa na mwalimu angeweza kupewa.

## Ndugu wa tumbo moja

Nilipofika kwa ndugu ndipo mambo yalipogeuka.

Mimba inapotungwa, kila mzazi anatoa nusu ya vinasaba vyake, na nusu hiyo haichaguliwi na mtu. Kila mtoto anapata mchanganyiko mpya ambao haujawahi kuwepo na hautatokea tena, isipokuwa kwa pacha wa yai moja. Kwa tabia inayojengwa na maelfu ya sehemu ndogondogo, maana yake ni kwamba baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuzaa watoto wanaopishana sana. Ukichukua watu wawili wasiojuana ukawapima akili kwa kipimo ambacho wastani wake ni 100, kwa kawaida watapishana karibu alama 17. Ukichukua ndugu wawili wa baba na mama mmoja, watapishana karibu 12.

Kumi na mbili! Sehemu kubwa ya tofauti zote unazoziona mtaani unaikuta ndani ya nyumba moja, mezani, watoto wakigombania paja la kuku.

Kwa hiyo sayansi ya urithi ikifuatwa hadi mwisho inamkatalia baba mkubwa, tena kwa hoja yake mwenyewe. Yeye alitoka kwenye ukoo akashuka kwa mtoto, kana kwamba ukoo ni mtungi mmoja na kila kikombe kitakachochotwa humo kitakuwa na maji yaleyale. Vinasaba haviendi hivyo. Ukijua tu kwamba mtoto ametoka kwa watu wasiosoma, unajua kidogo sana kuhusu mtoto yule. Na katika suala letu tulikuwa na kitu bora mkononi, nacho ni matokeo ya watoto wenyewe, yaliyokaribiana!

Na hao “wasiosoma” hawakupimwa na yeyote. Bibi mzaa mama wa binti alizaliwa mahali ambapo shule ya karibu ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Nani anajua kichwa chake kilikuwaje?

Nilimpigia simu baba mkubwa. Nilimsalimu, tukamalizana na habari za mvua na bei ya viazi, kisha nikamuuliza kuhusu yeye na marehemu baba yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Baba yangu alitunza hesabu za kanisa hadi anafariki, hakuwahi kukosea senti. Baba mkubwa mwenyewe husema hadharani kwamba hesabu zilimshinda tangu darasa la tatu, ila mpe shauri la mpaka wa shamba na watu kumi wanaopiga kelele, ataumaliza ugomvi kabla chai haijapoa.

“Sasa baba, nyie mmetoka mbegu gani?”

Alinyamaza. Kisha akasema, “Marehemu alikuwa na kichwa chake.” Baadaye kidogo akaongeza, “Haya, mlete shangazi yako tuongee upya.”

Walikaa tena bila mimi. Watoto wote wawili wanasoma shule ya kutwa, na fedha ya miti inawalipia masomo ya ziada na nauli, nusu kwa nusu. Hakuna aliyekwenda bweni. Kijana hakufurahi na ninamwelewa, maana alishaahidiwa.

## Carrie na Vivian

Kabla sijaendelea na mashamba, kuna hadithi ya kweli ambayo imekataa kunitoka.

Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza shauri la msichana wa jimbo la Virginia aitwaye Carrie Buck. Serikali ya jimbo ilitaka kumfunga kizazi kwa nguvu. Hoja yake: mama yake Carrie ni mpungufu wa akili, Carrie naye vilevile, na mtoto mchanga aliyemzaa, Vivian, anaonekana ataelekea hukohuko. Mahakama ikakubali. Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya wapungufu wa akili vinatosha. Carrie alifungwa kizazi, na kwa jumla Wamarekani zaidi ya 60,000 walifanyiwa hivyo chini ya sheria za namna hiyo.

Vivian alianza shule. Mwaka 1931 jina lake lilitokea kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Mwaka uliofuata aliugua akafariki, akiwa na miaka 8.

Ninapolisoma lile neno la jaji nasikia sebule yetu. Elimu ya vinasaba haikuwa changa tu wakati ule. Ilitumiwa na watu waliokwisha kuamua.

## Mbegu moja, mashamba mawili

Baba mkubwa alinitupia mfano wa mbegu akijua ni kazi yangu, kwa hiyo acha niujibu kama muuza mbegu.

Msimu uliopita mkulima mmoja alikuja dukani amekasirika. Mahindi yake upande mmoja yalimpita kimo, upande wa pili yalikuwa ya njano, mafupi, yamekonda. “Mmenichanganyia mbegu.” Nilikwenda kuona. Ile ilikuwa mbegu chotara, na mifuko yote ilikuwa ya toleo moja. Punje zake zinakaribiana sana kwa vinasaba, zimetoka kwa wazazi walewale waliochaguliwa. Upande wa njano maji yalikuwa yanatuama, na mbolea ya kupandia, DAP, ilikuwa imemwishia kabla hajamaliza kupanda. Katika shamba lile, tofauti za urefu karibu zote zilitokana na ardhi. Kama ungepima mchango wa vinasaba pale, ungepata karibu sifuri.

Sasa chukua mbegu ya kienyeji, yenye mchanganyiko mwingi, uipande kwenye kipande kimoja kilicholimwa vizuri, mbolea sawa, maji sawa. Mahindi yatapishana, na tofauti hizo karibu zote zitatokana na mbegu. Zao ni lilelile, mahindi, lakini asilimia imeruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Asilimia ile haikai ndani ya punje. Inaeleza punje hizi, zikiwa katika shamba hili, msimu huu.

Richard Lewontin, mwanabiolojia wa Marekani, aliisukuma hoja hiyo mbele mwaka 1970. Gawa gunia moja la mbegu mchanganyiko, nusu uipeleke shamba lenye rutuba, nusu shamba lililochoka. Ndani ya kila shamba tofauti zitatoka kwenye mbegu kwa asilimia mia moja. Baina ya mashamba mawili, tofauti yote itatoka kwenye udongo. Urithi unaweza kuwa mkubwa kila upande na bado usieleze chochote kuhusu kwa nini shamba hili limelipita lile.

Hii ndiyo sababu sina subira na watu wanaochukua namba za mapacha wa Ulaya na kuzitumia kulinganisha makabila yetu, au Waafrika na wengine. Mashuleni na vijiweni hapa kwetu utasikia Wanyakyusa ni wasomi kwa damu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Rungwe, kwao Wanyakyusa, mwaka 1891, wakafungua shule wakati sehemu nyingi za nchi hazijaona ubao. Anzia hapo kabla hujafika kwenye damu.

Na kwa watoto maskini hata ndani ya nchi moja hesabu inaweza kubadilika. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walichapisha utafiti wa mapacha wa miaka 7 nchini Marekani. Kwa familia zenye uwezo, tofauti za akili zilifuata zaidi vinasaba. Kwa familia maskini, mchango wa vinasaba ulikuwa karibu na sifuri na nyumba ndiyo iliyobeba karibu asilimia 60. Tafiti za Ulaya Magharibi na Australia hazikuona pengo hilo, na naona jambo hilo linasema kitu: huko maskini hajaachwa chini kiasi hicho.

Mapacha wa Ludewa, Makete au Ileje hawamo katika hesabu yoyote kati ya hizo.

## Ghala la chakula

Urefu wa mwili unarithiwa kuliko akili. Katika nchi zenye uwezo, karibu asilimia 80 ya tofauti za kimo zinatokana na vinasaba. Ila wanawake wa Korea Kusini wameongezeka sentimita 20 hivi katika karne moja. Vinasaba vya taifa havibadiliki kwa haraka hiyo. Sahani inabadilika.

Sasa njoo nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni karibu asilimia 57. Njombe ni 50. Mikoa inayolisha nchi nzima mahindi na viazi!

Nimesikia kwa masikio yangu mtu mwenye elimu yake akisema, “Aa, sisi watu wa huku ni wafupi tu, ni asili.” Si kweli, na kuna namna ya kujua. Viwango vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 vilitokana na watoto wa nchi sita, zikiwemo Ghana, India na Norway, waliochaguliwa kwa sababu walilishwa na kutunzwa vizuri. Katika miaka mitano ya kwanza walirefuka karibu sawa. Mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo, mstari mmoja.

Udumavu hauishii kwenye miguu. Chakula kilekile kinachokosekana mfupa unapojengwa kinakosekana ubongo unapojengwa, na watoto waliodumaa, kwa wastani, hufanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya kufikiri. Nimeona jinsi inavyotokea, na haina kelele. Mama ameondoka alfajiri kwenda kuchuma chai au kupalilia viazi vya mtu. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi amebaki na dada yake wa miaka saba. Asubuhi uji mweupe wa sembe, mchana uji uleule, jioni ugali na mchuzi wa majani. Tumbo limejaa, halii. Maharage yapo gunia zima stoo, yanasubiri bei. Kuku wanataga, mayai yanakwenda barabarani kwa wasafiri. Nyumba ile haioni kwamba ina njaa.

Katika hali hiyo, mtu akiniuliza mtoto wa Wanging'ombe amekosa alama kwa sababu ya vinasaba au la, namwambia swali lake bado halijafika zamu.

## Madini joto

Jambo lililonigusa kuliko yote limetokea hapahapa nyanda za juu, na wengi wetu tumelisahau.

Wazee wanakumbuka goita. Mvua na mmomonyoko wa miaka mingi huosha madini joto kutoka kwenye udongo wa milimani, bahari iko mbali, samaki wa baharini ni wachache. Nyanda za juu kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi nchini. Shingo iliyovimba ndiyo iliyoonekana. Kisichoonekana ni kwamba ubongo wa mtoto aliye tumboni unahitaji homoni inayotengenezwa kwa madini hayo, na upungufu mkali unamwachia madhara yasiyorudi nyuma.

Kuanzia mwaka 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Ugawaji ulichelewa mara nyingi, ukaruka miaka. Kwa hiyo katika nyumba moja mtoto mmoja alitungwa mimba mama akiwa amemeza, mwingine hakubahatika. Wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, wakaona kilichojificha hapo. Katika kazi yao ya mwaka 2009 walilinganisha ndugu na ndugu: ukoo uleule, wazazi walewale, nyumba ileile. Waliokingwa wakiwa tumboni walisoma zaidi kwa theluthi moja hadi nusu ya mwaka, na wasichana walinufaika kuliko wavulana.

Niliruka kwa furaha. Kisha nikakuta kwamba watafiti wengine, mwaka 2020, waliirudia hesabu hiyo wakitumia takwimu zaidi, na matokeo hayakusimama imara kama mwanzo. Nililala na hilo vibaya. Madhara ya upungufu mkali kwa ubongo hayana ubishi. Kinachobishaniwa ni ukubwa wa faida ya mpango ule kwa miaka ya shule. Naiacha hivyo, bila kuivuta upande ninaoupenda.

Ila nilikwenda soko la Mwanjelwa kuangalia chumvi. Ya pakiti ina maandishi. Pembeni yake kuna ya mawe, imemwagwa kwenye turubai, inapimwa kwa kopo. Nilimuuliza dada muuzaji kama ina madini joto. “Chumvi ni chumvi, mama,” alinijibu, na foleni nyuma yangu ilikubaliana naye.

## Mwalimu

Jirani na duka langu anaishi mwalimu wa shule ya msingi. Amenisikiliza wiki zote hizi, na juzi aliniuliza swali ambalo nilijua lingekuja.

“Kwa hiyo unataka niamini watoto wote vichwa sawa?”

Hapana. Hawako sawa, na sihitaji wawe sawa ili niwatetee. Kuna mtoto atakayeelewa sehemu kabla hujamaliza kuandika ubaoni, na kuna atakayehitaji wiki mbili, na vinasaba vina mkono wao hapo. Ninachokataa ni kumjua mtoto kabla ya kumpima, kwa jina la ukoo wake. Alfred Binet, Mfaransa aliyetengeneza kipimo cha kwanza cha akili mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alikitengeneza ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, na baadaye aliwapinga kwa ukali waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Na mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya karibu na Bagamoyo: watoto walipewa vipimo, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuvifikiria, wakapimwa tena. Alama zikapanda. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimepima pia mazoea ya kufanya vipimo vya namna ile.

“Basi yule wa mwisho kabisa darasani kwangu,” akasema mwalimu, “nimfanyeje?”

Nikamwambia aanze na macho. Amsogeze mbele aone kama anasoma ubao. Kisha masikio. Kisha amuulize amekula nini tangu jana. Kisha minyoo.

“Nina watoto zaidi ya themanini.”

Tulikaa kwenye benchi nje ya duka, akachukua karatasi ya risiti na kuanza kuandika majina ya wale wanaosinzia kabla ya saa nne.